Uwanja Haufagiwi Mpaka Moscow

Ijumaa, Cheyo. Jua kali, na upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Shajara yangu, leo nimeshindwa kutulia. Nimekaa, nimeinuka, nimechungulia njia ya posta, nimeunguza maharage. Tangu Jumatatu, mume wangu Baba Zuhura alipopanda treni ya Dar ili akapande ndege ya Moscow kusomea uhandisi, uwanja wetu haujaguswa na ufagio.

Mama mkwe ndiye kaamuru. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, na kwao mtu akisafiri hapafagiwi mpaka habari ije kwamba amefika. "Ukifuta nyayo zake umemfuta mwenyewe," ananiambia, na ufagio kauficha chini ya kitanda chake.

Sawa, lakini safari ya wapagazi ya zamani, kwa miguu mpaka Bagamoyo, ilikuwa miezi! Mwalimu jirani yetu kanipimia kwenye ramani kwa uzi: Dar mpaka Moscow ni zaidi ya maili elfu nne, na ndege inazimaliza upesi kuliko treni yetu inavyojikokota kutoka hapa mpaka Dar. Aliruka juzi. Basi jana alishafika.

Kama alifika.

Hapo ndipo moyo unaponipasuka, maana telegramu aliyoahidi kuleta akifika haikuja jana.

Asubuhi akaja balozi wetu wa nyumba kumi na kampeni yake ya usafi. Akatazama maganda ya karanga, akatazama mavi ya kuku, akashika kiuno.

"Ndugu zangu, wenzenu wanajenga taifa, nyie mnafuga takataka?"

"Mwanangu yuko angani," Mama akamjibu. "Akitua tutafagia."

"Mama, angani hakuna nyayo!"

"Kwani hapa aliondoka akiruka?"

Balozi akaenda zake. Nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Alasiri tarishi wa posta akapiga hodi. NIMEFIKA SALAMA. Alhamdulillahi! Mama akapiga vigelegele mtaa mzima ukasikia, akaniletea ufagio kwa mkono wake. "Haya, mke wa msafiri, fagia."

Nikafagia kwa fujo, vumbi mpaka puani. Nilipofika mlangoni mkono ukagoma. Pembeni mwa kizingiti, alipoegemea kuniaga, upepo hauingii, na kiatu chake bado kimejichora, kisigino kimelika upande mmoja. Wake wa wapagazi walipata miezi ya kuzoea, mume akienda mbali kidogo kidogo. Mimi wangu kafika mwisho wa dunia kabla sijakunja shuka zake. Na masomo ni miaka mitano, jamani!

"Bado hapo," Mama akasema.

"Nimechoka, Mama. Nitamalizia kesho."

Akapatazama pale chini, akanitazama mimi. Nikangoja anisute, maana uvivu hauvumilii hata kidogo. Akaenda uani, akarudi na tenga la kuku, akaufunika ule unyayo.

"Kuku wasije wakauchakura," akasema, akaenda kutia udhu.