Yakuti Saba na Mkono wa Barka

Amu, 20 Mfungo Sita 1329

Kwa mwanangu Yunusi, Mungu akutunze huko Mombasa. Nduguyo Radhiya anakusalimu. Sisi tu wazima, ingawa mimi uzima wangu ni wa mwili tu. Wewe u hali gani? Barua zako siku hizi fupi mno, kama kwamba wino umeadimika huko.

Mwanangu, nimeibiwa. Nimeibiwa ndani ya nyumba yangu, na Barka! Unakijua kidani cha marehemu bibi yako, chenye yakuti saba nyekundu. Nilitaka dhahabu yake iyeyushwe, Radhiya afanyiwe kidani kipya cha arusi. Nikampa Barka avibandue vito, nami nikaenda maulidini. Narudi naona nini? Vijiwe saba vya rangi ya maji yaliyooshewa nyama! Nikamuuliza, yakuti ziko wapi? Akasema ndizo hizo. Ati nyuma ya vito palikuwa na takataka nyekundu, akazikwangua, akazifagia. Uongo mtupu!

Barka aliyekubeba mgongoni, niliyemwacha huru mwenyewe na akachagua kubaki nami!

Vijiwe hivyo anakuletea nahodha Athman. Mwonyeshe sonara, aandike kwamba ni bandia, nimwekee Barka karatasi mbele ya macho. Akikana mpaka Ijumaa ya pili, nasomesha Halbadiri. Aliyechukua, imchukue.

Mamako,
Mwanamkisi

Mombasa, 29 Mfungo Sita 1329

Mama yangu mpenzi, nakubusu mikono. Afya yangu njema, wasiwasi wangu kwenu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nimesimama. Mama Barka? Nilipougua ndui ni yeye aliyelala chini ya kitanda changu. Vijiwe vimefika salama, lakini Bwana Kamaludin, sonara ninayemwamini, yuko Unguja mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nakusihi, usisomeshe kitu mpaka avione. Dua hiyo si ya kuchezea, na neno likishatoka halirudi.

Mwanao,
Yunusi

Amu, 14 Mfungo Saba 1329

Mwanangu Yunusi, salamu na dua. Natumai u mzima. Mimi silali.

Barua yako imefika nimekwisha somesha. Walikaa watu kumi na wawili ukumbini mwangu, ubani ukafuka tangu adhuhuri mpaka alasiri. Barka alikuwa jikoni akiwapikia kahawa.

Siku ya nane, Yunusi, alikuwa amebeba birika. Likaanguka. Mkono wake wa kulia ulishuka ubavuni, na mpaka leo haujanyanyuka. Mkono ule ule aliobandulia vito! Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja mbio. Amu nzima haina habari nyingine. Wanawake wananishika mkono njiani wakisema, haki yako imeonekana, Bi Mwanamkisi. Barka alikuwa akiutazama tu mkono. Amekwenda kukaa Shela kwa mpwa wake.

Nilidhani nitafurahi. Naona baridi tu. Mwambie sonara wako afanye haraka.

Mamako

Mombasa, 2 Mfungo Nane 1329

Mama yangu, nakubusu mikono na miguu. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mwite Radhiya akae karibu nawe.

Kamaludin amerudi. Alivitazama vijiwe kwa kioo chake cha kukuzia, kimoja kimoja. Akakwaruza navyo bilauri, bilauri ikachubuka. Akaniambia, hizi ni yakuti za kweli zote saba, ila ni za rangi hafifu. Nikamwambia haiwezekani, mimi nimezijua tangu utoto, nyekundu kabisa. Akacheka. Akatoa kikaratasi cha madini chekundu, chembamba kama ganda la kitunguu, akakitia ndani ya kikombe cha pete tupu, pale panapokaa kito, akaweka kijiwe kimoja juu yake. Mama, wekundu wote ukarudi! Nilikiona kidani cha bibi kwa macho yangu. Masonara wa zamani walikuwa wakivitia vikaratasi hivyo nyuma ya kito na kufunika, rangi ikolee.

Hiyo ndiyo takataka aliyoifagia Mama Barka. Alikwambia kweli tangu siku ya kwanza.

Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na wizi. Nakutumia hati ya Kamaludin, imetiwa saini. Nenda Shela, Mama. Nenda leo.

Mwanao,
Yunusi

Amu, 19 Mfungo Nane 1329

Mwanangu Yunusi, salamu. Usiniulize hali yangu.

Nilikwenda siku ile ile barua yako ilipofika. Njiani nilimweleza kila niliyekutana naye, bila kuona haya, kwamba nimemsingizia Barka. Wengine walinitazama kama nimerukwa na akili.

Nilimkuta Barka uani, kapiga magoti, anachimba kwa mkono wa kushoto. Ua mzima umejaa mashimo. Mpwa wake akaninong'oneza kwamba anazitafuta yakuti. Siku nyingi sasa anazitafuta. Ameshaamini kwamba aliiba, akazificha, akasahau mahali.

Nilikaa mchangani nikamsomea hati yote. Nikalia, nikamwomba radhi, nikamwambia, Barka, hukuiba, hakuna aliyeiba. Akanisikiliza vizuri. Kisha akaushika ule mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauweka mapajani pangu, mzito na baridi, akaniuliza:

"Bibi, kana sikwiba, mkono wangu umetukuliwa ni nni?"

Yunusi, ningejua ni nini kilichouchukua mkono ule, ningemwambia hata kwa roho yangu. Yakuti usinirejeshee, Radhiya amesema hatazivaa. Lakini wewe njoo. Umwambie wewe, labda atakuamini. Mimi naenda Shela kila asubuhi, na kila asubuhi ananiuliza tena.

Mamako