Kwa Nini Simtaki Salim na Simu Yake

Majengo, Nyeri

Kaka yangu Rashidi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mama anaendeleaje na ile presha yake? Na wifi, ameshajifungua au mnanificha? Mimi sijambo. Shule imefunguliwa, nafundisha darasa la nne pale Kiganjo, na jioni narudi kwenye chumba changu nyuma ya msikiti. Mafua yamenishika na kuniachia mara kadhaa, lakini hayajanilaza kitandani.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Kila nikianza kukueleza habari za Salim unaniambia, "Zuhura, kijana ana kazi, hanywi, anaswali, unataka nini tena?" Halafu unakata. Barua huwezi kuikata. Mwalimu mwenzangu anakuja huko Mumias kuwaona wazazi wake, nimempa akufikishie mkononi kabla wazee wa kina Salim hawajafika kwako kuchukua jibu la posa. Isome yote, kisha umsomee Mama. Tangu Baba atutoke wewe ndiye utakayetoa hilo jibu, na mimi ndiye nitakayeishi nalo.

Salim ni mpiga picha, hilo unalijua. Ana studio yake hapa mjini, anapiga harusi, anapiga askari wapya wakimaliza mafunzo Kiganjo, anapiga pasipoti. Yote uliyoambiwa ni kweli. Usichokijua ni ile programu iliyo ndani ya simu yake. Anaiambia kamera ni ya aina gani, lenzi ni gani, tundu la lenzi limefunguliwa kiasi gani, na mtu amesimama umbali gani. Programu inamjibu: kuanzia hapa mpaka pale vitu vitatoka vizuri, kilicho mbele au nyuma ya hapo kitakuwa na ukungu. Basi. Ni hayo tu. Lakini ukimsikia akiyaeleza utadhani yeye ndiye aliyevumbua macho.

Mara ya kwanza tulipokaa hotelini kunywa chai, na dada yake akiwa nasi, usianze kuuliza, alikusanya vikopo vya chumvi kutoka meza za watu akavipanga mbele yangu kwa foleni. Akaniambia niangalie kwenye simu: cha kwanza kina ukungu, cha katikati kinaonekana, cha mwisho kina ukungu. Watu wanatafuta chumvi ya mayai yao, yeye anafundisha. Chai yangu ilipoa nikiitikia kwa kichwa. Hakuniuliza nyumbani kwetu ni wapi, wala kama nina wazazi. Dada yake alikuwa akitazama nje dirishani kama mtu aliyezoea.

Halafu akatupeleka Mweiga asubuhi na mapema, ati anipige picha na Mlima Kenya nyuma yangu. Mlima ulikuwa wazi kabisa, theluji yote nje. Huku watu wanajua mlima haukai uchi asubuhi nzima, ukiuona unapiga picha yako unashukuru. Salim akatoa futi ya fundi ya kupimia nguo, akampa dada yake ncha moja aishike kwenye pua yangu, yeye akarudi nyuma na ncha nyingine mpaka kwenye kamera. Akaandika kwenye simu. Akasema maua yaliyo mbele yangu na mlima ulio nyuma havitatoka vyote, akahamisha kamera, akapima pua yangu upya. Kufikia hapo wingu lilikuwa limeshuka mpaka chini. Mama mmoja aliyekuwa akivuna viazi alisimama kutuangalia, akauliza, "Kwani huyo msichana ni mgonjwa wa mapua?" Nilicheka mpaka machozi. Salim hakucheka. Alisema tutarudi siku nyingine na futi ndefu zaidi.

Hayo ni ya kuchekesha, Kaka, na kama yangekuwa hayo tu ningeolewa naye nikamcheka maisha yangu yote. Wanaume wengi wana upuuzi wao, na wewe una redio zako mbovu. Lililonitoa kwake ni la siku ya Idd.

Kwa kina Salim, siku hiyo hakuna anayetia tonge mdomoni kabla ya picha ya familia. Marehemu baba yao ndiye aliyeanzisha. Wanaume wakitoka kuswali wote wanakusanyika uani na nguo mpya, wanapigwa picha, ndipo masinia yanatoka. Mama yao, Bi Halima, ndiye anayepika. Ni mtu mzima, magoti yake yamevimba, anatembea kwa kushika ukuta. Siku hiyo alikuwa amesimama jikoni tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimealikwa, nikamsaidia kuosha mchele, na muda wote alikuwa akiniombea dua kama mimi ndiye niliyempikia.

Kiti chake kiliwekwa katikati, kama kila mwaka. Salim akaja na kamera na simu yake. Hakutaka mabati ya jirani na kamba ya nguo vionekane nyuma, kwa hiyo alifungua lenzi sana, na programu ikampa kijisehemu chembamba cha kusimama watu. Akachora mistari miwili ya chaki kwenye sementi. Kila mtu awe ndani ya mistari. Kisha akamwangalia mama yake.

"Mum, simama. Ukikaa magoti yako inatoka nje ya laini."

Mjomba wao akasema, "Wacha mama yako akae, wewe. Ametoka jikoni saa hii."

"Uncle, ni dakika tu. Nishapima."

Akakiondoa kiti. Bi Halima akasimama. Binamu akachelewa kutoka msikitini, Salim akasubiri. Mtoto akakanyaga chaki, akaichora upya. Akasogeza kamera kidogo, kwa hiyo ikabidi apige hesabu tena, ameinamia simu huku sisi sote tunaona miguu ya mama yake inatetemeka chini ya dera. Mimi sikuwa kwenye picha, bado si wa nyumba hiyo. Nikachukua kiti nikampelekea.

"Mwalimu, ati unafanya nini?" akasema. "Sasa umeharibu hesabu, naanza tena."

Ndugu zake wakacheka. Kiti kikarudishwa ukutani. Bi Halima akasema taratibu, "Nimechoka, Salim," naye akamjibu bila kuinua macho, "Usisonge, Mum. Uko tu poa hapo."

Nilimdharau hapo hapo, Kaka. Sijui neno laini zaidi la kukuandikia.

Siku iliyofuata akaniita studio nione picha kwenye kompyuta. Na lazima niseme ukweli, programu haikukosea. Kila kitu kilitoka: nakshi za kofia, vifungo vya watoto, mpaka nyuzi za kanzu ya mjomba. Katikati yuko Bi Halima, midomo ameibana, na chozi moja limefika shavuni. Salim akaikuza picha mpaka shavu likajaa kioo kizima. Nikasubiri aseme kitu. Nilidhani ndiyo sababu ameniita.

"Unaona hiyo chozi?" akasema. "Cheki vile imetoka safi. Hapo ndio utajua app haidanganyi."

Nikamuuliza, "Alikuwa analia nini?"

Akageuka akanitazama. "Nani?"

Nilimwonyesha kwa kidole. "Ah, Mum? Ni miguu tu. Hiyo ni kawaida yake." Akaniambia anaichapisha kubwa aiweke dirishani, wateja waone kazi. Niliaga nikatoka. Nikapita kwao, Bi Halima alikuwa amelala mchana na miguu juu ya mto, magoti yamefungwa vitambaa vya maji moto. Akaniuliza kama picha ilitoka vizuri. Nikamwambia ndiyo. Nilikaa naye mpaka alasiri nikimkanda, na aliposhika mkono wangu akaniita mkwe nilishindwa kumtazama. Huyo nitamkosa kweli.

Nisalimie Mama, umwambie atumie dawa hata siku anazojisikia vizuri. Msalimie wifi, na shangazi Mariamu aliyenifunga mizigo nilipokuja huku, na mjomba Athumani fundi baiskeli. Wajukuu wa shangazi wote nawabusu.

Wazee wa kina Salim wakifika wapokee kwa heshima, wachinjie kuku, ni watu wazuri na hawana kosa. Kisha waambie hapana. Wakikuuliza sababu usiwatajie habari za simu, watakuona mjinga. Waambie dada yako anasema yeye pia siku moja atazeeka.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura