Macho Chini Mbele ya Mkurugenzi

Mpendwa Maman Séraphine, naomba msaada wako kabla Alhamisi haijafika, maana binti yangu Ornella, aliyemaliza masomo ya uhasibu kwa alama nzuri, aliitwa kwenye ofisi moja mtaani Ibanda kuulizwa maswali ya kazi, naye akafanya yote niliyomfundisha tangu utoto, akaingia polepole, akatazama chini, akajibu kwa sauti ndogo "ndiyo papa", "hapana papa", kama anavyomjibu baba yake, basi, hadi mkurugenzi akamwambia, "Mutoto, points zako iko muzuri, lakini weye mwenyewe sijakuona." Alirudi nyumbani Cimpunda akilia, akaniuliza kwa nini nilimlea hivyo, nami nikamwambia nililelewa vivyo hivyo kwetu Kalehe, ambako baba akirudi shambani jioni tulimpelekea maji ya kunawa macho yakiwa chini, nyumba imetulia, maharagwe yananukia jikoni, na hadi leo nikikumbuka utulivu ule nautamani mpaka moyo unaniuma. Sasa ofisi nyingine imemwita Alhamisi. Nikimwambia awatazame wakubwa usoni, si nitakuwa nabomoa nyumba ya baba yangu kwa mikono yangu?

Maman Colombe, Cimpunda

Maman Colombe, pole sana, na maharagwe hayo umenitamanisha hata mimi. Lakini kumbukumbu yako inachagua. Watoto wa nyumba zile hatukunyamaza siku zote. Baba yangu alinituma kupeleka neno kwa wakwe, nikasimama wima, nikasalimia wote, nikasema ujumbe mzima, nikajibu walichouliza, nikarudi na jibu. Nikirudi na nusu, narudishwa. Wewe pia ulitumwa, usinidanganye. Heshima ya kunyamaza umempa binti yako. Ile ya kusema unapotumwa umemnyima, kwa sababu siku hizi neno la wakwe unalimaliza mwenyewe kwenye simu.

Basi futa machozi. Mwambie Alhamisi anatumwa, na ujumbe ni yeye mwenyewe: anachojua, alichowahi kufanya, anachotaka kujifunza. Kesho mtume kwa paroko, kisha kwa mwenye duka asiyemjua, aulize jambo na alete jibu kamili. Akisema, amtazame mtu. Akisikiliza, akishusha macho kidogo hakuna atakayekufa. Na asiishie kwenye "ndiyo papa", aeleze kwa nini.

Nawe, jioni hii muulize kazi hiyo anaitakia nini. Halafu nyamaza wewe, mpaka amalize.