Kofia Niliyomshonea Mufalme

Kindu, Mikelenge
Tarehe 9 mwezi wa tano 1976

Mpendwa Yaya Tharcisse, kaka yangu mukubwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Maniema. Naomba Mungu barua hii ikukute muzima, wewe na mukeo Mama Jacqueline, na ile miguu yake iwe imepoa kidogo. Mimi mwili uko salama. Nyumba haivuji, muhogo umeota vizuri. Hayo ningeweza kuyaandika kwa posta. Yaliyobaki nimeyatia mikononi mwa Badibanga wa reli, mutoto wa kwetu, anayeondoka na treni ya leo. Ukimaliza kusoma, tia moto.

Yaya, mutoto wako Florentin hayuko nyumbani. Leo majuma manne yamepita. Ulisikia kwamba alitumwa kufundisha Kibombo. Ni mimi niliyewatuma watu wakuambie hivyo, na ilikuwa uongo. Kwa padri nimetubu. Kwako bado.

Acha nianze mbali kidogo ili uelewe.

Baraza ya nyumba yangu, ninaposhonea nguo za wanafunzi, inagusana na dirisha la darasa la tano. Wewe unajua nilisoma miaka minne tu, lakini kwa dirisha hilo nimeongeza mingine miwili. Florentin alikuwa anafundisha mashairi kwa vidole. Jirani yetu muzee Assani, Mwislamu, alimwonyesha namna wazee wake walivyohesabu: kila mustari mapigo manane. Basi darasa zima linapiga meza, nane, nane, na yeye anatembea katikati amefumba macho. Hata cherehani yangu ikajifunza kuhesabu.

Kisha akaleta muchezo wa Mwingereza mumoja wa zamani sana, uliochapwa kwa Kifaransa. Mufalme muzee anakwenda kulala kwa muntu anayemwamini, na mwenye nyumba anamuua. Kifaransa kile kiliwashinda watoto. Florentin akawaambia, "Semeni kwanza kwa Kiswahili, kama mnagombana sokoni. Kifaransa kitafuata chenyewe." Edouard, kijana mwenye mabega, akapewa kuwa mufalme, na wenzake walimcheka kwa namna alivyoanguka: "Wewe mufalme gani, unakufa kama kuku wa sikukuu?" Binti mumoja, Adèle, alikuwa na neno moja tu la kusema, na kila siku analimeza. Florentin akaweka kiti nyuma kabisa ya uwanja, akakaa hapo mwenyewe. Akamwambia, "Neno moja si neno dogo. Liseme mpaka wa nyuma asikie."

Mimi nilipewa mavazi. Nilimuuliza mufalme avae nini, akanijibu akicheka, "Shangazi, kazi yangu mimi ni kumuua. Kumvalisha ni kazi yako." Basi nikafanya ninavyojua. Baba alitueleza, unakumbuka, kwetu Kasai mukubwa akisimikwa anavaa chui. Nilipata sokoni kitambaa chenye madoa ya chui, nikashona kofia. Mbele ya Mungu, nilikuwa namfikiria chifu wa Baba. Sikufikiria ile kofia nyingine ya chui, ya Rais, inayotutazama kila siku kutoka kwa picha ukutani, katika kila biro ya serikali ya inchi hii.

Uzi wa mwisho niliukata siku yenyewe, siku moja kabla ya sikukuu ya Matawi, saa tisa, watu wamekwisha kukaa. Florentin alikuwa upande wa pili akiwapanga watoto. Hakuiona. Edouard akaingia na chui kichwani, na wakubwa wa chama wamekaa mustari wa mbele. Kwanza walipiga makofi. Kisha mufalme akalala, akachomwa kisu, na hakuna aliyepiga makofi tena. Nilisikia mbuzi akilia nje ya ukuta.

Mukubwa mumoja akasimama, akauliza bila kelele, "Nani alishona kofia hii?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha nyuma, sindano ingali imechomekwa kifuani mwa gauni. Nilifungua kinywa. Florentin aliniangalia mara moja tu, akasema, "Mimi. Nilichagua mimi, nilishona mimi." Mutoto ambaye mimi namshonea hata vifungo tangu alipofika kwangu. Uwanja wote walijua, na hakuna aliyecheka. Nikafunga kinywa.

Walimpakia ndani ya gari lao la jipu. Siku mbili walipokea sahani yangu ya wali mulangoni mwa biro yao. Siku ya tatu wakaniambia hapo hakuna muntu wa jina hilo.

Tangu wakati ule nyumba iko na mapigo. Mchana kweupe, niko jikoni, nasikia meza ya barazani inapigwa vidole, nane, nane. Nikitoka, iko meza na daftari za Florentin. Nimenyunyizia maji ya baraka. Padri anasema ni huzuni. Sidhani, Yaya. Hanitishi. Ananingojea. Na Adèle akinikuta njiani anatazama chini, maana yeye neno lake alilisema.

Katika muchezo ule, mugeni alipatwa na mabaya kwa sababu ya mwenye nyumba. Na mutoto wako ulimlaza kwangu.

Kwa hiyo kesho, kisha misa ya asubuhi, ninakwenda biro ile. Kofia iko kwao. Mimi nimebaki na kipande cha kitambaa, madoa yamekatika katikati pale mukasi ulipopita. Wakiviweka pamoja vitashikana, watajua ni mukono wa nani. Sijui kama watamrudisha. Labda watatuweka wote wawili. Usiandike kunikataza, ukisoma haya nitakuwa nimekwisha kwenda.

Cherehani yangu sasa ni ya binti yako Emerance. Nimeifunika na kuiacha kwa muzee Assani, anakusalimia. Nisalimie Mama Jacqueline, na wewe umwambie habari hii polepole, akiwa amekaa. Mungu aliyemlinda Danieli kati ya simba amlinde mutoto wetu, na akupe moyo wa kunisamehe hata kama si leo.

Neno langu la kusema ni moja tu. Tangu asubuhi nalijifunza hapa mezani kwake, kwa vidole: *Aliyeshona ni mimi.* Nimehesabu mara nyingi, ni nane kamili. Safari hii wa nyuma atasikia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ninayekuogopa leo,

Bernadette Kanku