Nyumba Yangu Ni Tupu

Quakers Hill, Jumapili, Agosti 2021

Eti nyumba yangu ni "empty", yaani tupu! Mama Neema amesema hivyo leo kwenye Zoom, mbele ya kundi zima la maombi. Baada ya amina akanipigia simu.

"Peter yuko tayari kurudi, dada yangu. Lockdown hii si ya kukaa peke yako. Mpokee mumeo."

Nikamwambia nitafikiria, kisha nikajikasirikia kwa kusema hivyo.

Nikaitafuta hiyo "empty" kwenye kamusi. Kumbe zamani sana Waingereza walimwita hivyo mtu aliyepumzika, asiyebanwa na shughuli, na hata asiye na ndoa. Habari za vyombo visivyo na kitu zilikuja baadaye. Nilicheka mwenyewe jikoni.

Naogopa, sitajidanganya. Wodini ninakouguza, wagonjwa wananikoholea kila siku, na nikiugua hapa hakuna wa kuniletea maji. Lakini Peter alipokuwepo niliugua pia, na maji nilijiletea mwenyewe, huku yeye amenuna kwa sababu chakula kimechelewa. Na jinsi alivyokuwa akibamiza milango...

Hapana. Nikampigia Mama Neema.

"Mwambie Peter asije."

"Kwa hiyo utabaki na nyumba tupu?"

"Ndiyo. Raha tupu, Mama Neema. Amani tupu."

Akakata simu bila kuaga. Pengine Jumapili ijayo wataniombea tena, na waombe tu. Mimi naenda kulala, katikati kabisa ya kitanda.