Sikio la Kupimia Unga

Ijumaa. Joto limeondoka hapa Sib, Maskati, bila kuaga. Asubuhi nimezima kiyoyozi na kufungua dirisha la jikoni. Upepo kama huu ndio Mama Gerda alikuwa akiusubiri mwaka mzima. Ukianza tu kuvuma, anafunga aproni na kuanza mkate wake.

Mwaka huu hayupo. Tulimzika kabla ya Ramadhani.

Alikuwa mama mkwe wangu. Mjerumani, aliolewa na kijana wa Unguja aliyekwenda kwao kusoma, akamfuata mpaka Maskati. Kiswahili alikijua, na Uislamu aliuingia kwa moyo wake, lakini mkate wa bibi yake hakuuacha. Wenyewe wanauita shtolen: mkate mzito wa zabibu kavu na lozi, unaovikwa sukari nyeupe. Kwao zabibu huziroweka kwenye pombe. Yeye aliziroweka kwenye maji ya machungwa. Mengine aliyafanya kama alivyofundishwa.

Vipimo hakuwa navyo. Alikanda mpaka unga uwe laini kama ndewe, ile nyama ya chini ya sikio. Bibi yake alimfundisha hivyo, naye akanifundisha mimi. Anabonyeza unga, anajishika sikio, kisha anacheka kwa kuwa ushungi umekuwa mweupe kwa unga. Mimi nilikuwa naanza kukanda, yeye anamalizia.

Wiki iliyopita nilijaribu peke yangu. Ukatoka mgumu. Wifi yangu Asya, binti wa Mama, akaugonga kwa kisu.

"Wifi, huu tungeupata wakati tunajenga ukuta wa nyuma."

Nilicheka naye. Ndio utani wetu. Kisha akaniambia nisijitese, kila mtu huondoka na mapishi yake.

Hilo ndilo lililoniuma. Asya hakujifunza, na watoto wetu hawajui. Nikishindwa mimi, mkate wa Mama umekwisha.

Leo nimekanda tena. Nikabonyeza unga, nikajishika sikio. Sawasawa. Na wiki iliyopita pia ulikuwa sawasawa.

Nikasimama.

Masikio yangu yalitobolewa nikiwa mchanga, na yamebeba dhahabu tangu hapo. Ndewe zangu zimekuwa nyembamba, ngumu. Mama Gerda hakuwahi kutoboa. Kumbe nilikuwa nikipimia sikio lisilofanana na lake hata kidogo.

Nikamwita mume wangu, Salim. Yeye kachukua masikio ya mama yake.

"Salim, njoo nipe sikio."

"Nimefanya nini tena?"

Nikamshika. Laini, nene. Nikaongeza maziwa na siagi, nikakanda, nikamshika tena. Baadaye akawa anainamisha kichwa mwenyewe kabla sijanyoosha mkono.

Tangu msiba sijamwona akilia. Leo alisimama pale, sikio limejaa unga, macho yamelowa, na hakutoka jikoni mpaka nilipomaliza.

Alasiri Asya akaja kutoka Ansab. Mkate ulikuwa umeshapakwa siagi na kunyunyizwa sukari, nimeufunga kwa kitambaa cheupe. Akataka niukate.

"Mkate wa moto unangoja nini?"

"Mama alikuwa akiulaza wiki mbili, unajua."

"Najua. Nilikuwa nikimuibia."

Akaubonyeza juu ya kitambaa, taratibu, hapa na pale. Nilingoja mzaha wake. Haukuja.

"Wifi, unga umebaki?"

"Umebaki."

"Basi nitakuja Ijumaa ijayo."

Kama ladha ni ile ya Mama au la, sijui bado. Huenda si ile. Lakini nimemwambia Asya aje asubuhi, na asivae abaya ya kutokea. Sitaukanda mimi. Atakanda yeye, nami nitakaa kwenye kiti.