Ndoo Mbili za Dumuzi

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Natumaini mgongo umekupa nafuu na kwamba Mama bado anakufichia msumeno ili upumzike kweli. Mimi ni mzima, na kabla ya yote niache nilitoe lililojaa moyoni: ndoa ni tamu, Baba! Huu ni mwezi wa nne tangu tuoane, na mume wangu akiingia mlangoni bado nasahau nilichokuwa nakifanya. Wiki iliyopita niliunguza shati lake kwa pasi. Akacheka, akasema tundu limekaa pazuri, litampunguzia joto.

Kazi yake unaijua, ingawa siku ya harusi uliwaambia watu kwamba binti yako anaolewa na mchunga wadudu. Anaorodhesha dumuzi wote wanaobungua mbao katika mkoa huu, aina kwa aina, maana hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Chumba chetu cha pili hakina hata kiti, kimejaa ndoo. Kila ndoo ina vipande vya mbao vya karakana moja, imefunikwa gubigubi, na ubavuni imechomekwa chupa. Dumuzi akikomaa hutoboa ubao, hufuata mwanga na kuangukia chupani. Mume wangu humchoma pini, nami namwandikia kibandiko kidogo kama ukucha: tarehe, mahali, karakana ya nani. Anasema aliupenda mwandiko wangu kabla hajanipenda mimi. Husema pia kwamba dumuzi asiye na kibandiko ni takataka tu, lakini mwenye kibandiko cha uongo ni sumu.

Nilipokuja kuwasalimu baada ya harusi niliokota vipande kwako na kwa Mzee Randa, ng'ambo ya barabara. Alinitania, akasema nimwambie mume wangu kwamba wadudu wake hawana adabu, wanakula bila kukaribishwa. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, wewe uliyefundishwa naye kushika patasi.

Mwezi uliofuata akatoka dumuzi mweusi mwenye mabega mekundu. Picha yake iko ukutani kwetu, na chini yake yameandikwa maneno ya kutoa taarifa siku hiyohiyo. Katika mkoa huu hajawahi kuonekana. Husafiri ndani ya mbao za makreti, yale masanduku ya mizigo ya kutoka mbali. Mume wangu alininyanyua akanizungusha kwa furaha, kisha akaketi, uso umemshuka. Amri ya serikali ni kwamba karakana aliyotoka huchomwa mbao zake zote. Kibandiko kilisema ni kwa Mzee Randa. Ulikuwepo walipochoma. Uliniandikia alivyosimama na kofia mkononi mpaka moto ukazimika wenyewe.

Barua yako ya juzi nimeisoma nimesimama, nikairudia nimeketi sakafuni. Unasema Mzee Randa amezikwa, kwamba tangu ule moto hakula wala hakusema na mtu. Unasema ulimchongea jeneza kwa mbao zilizobaki ulipotuchongea kitanda chetu, kwa kuwa seremala mzima hakuachiwa ubao hata mmoja. Unasema pia paa la shule alilopewa yeye sasa ni kazi yako, na nusu ya boriti kutoka karakana yako zimeshapanda.

Baba, chini ya kitanda ulichotuchongea kuna unga. Wiki ya tatu sasa naufagia kila asubuhi mume wangu akiwa anaoga, laini kama poda. Mguu wa upande wangu una matundu kumi na moja. Nikiweka sikio nasikia wanatafuna.

Ile ndoo ilikuwa yako. Siku ile mume wangu alikuwa msituni mpaka jioni, mimi ndiye niliyemwona dumuzi kwanza. Nikakumbuka makreti uliyonunua kwa bei nafuu, nikakuona umekaa juu ya majivu. Nikabandua vibandiko vya ndoo mbili, yako na ya Mzee Randa, nikavibadilisha. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa.

Leo asubuhi nimemweleza mume wangu. Hakupaza sauti. Alivuta droo, akaniuliza katika vibandiko mia nne nilivyomwandikia, vingapi ni vya kweli. Nikamjibu vyote, isipokuwa hivyo viwili. Akauliza atajuaje. Kisha akaenda kutoa taarifa, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuniaga. Nampenda, Baba, hata mgongo wake ukitoka mlangoni.

Watafika kwako wiki hii. Usifiche ubao. Lakini usiwangoje: nenda leo shuleni, watoto watoke chini ya lile paa. Boriti utaziona nzima, maana hao huanza kula kwa ndani. Kisha uvuke barabara, umsomee mjane wa Mzee Randa barua hii, yote. Jeneza sijui tufanyeje. Tumempelekea dumuzi hata kule chini.

Msalimie sana Mama. Mwambie shuka alizonipa nazipenda. Nami nakuandikia kibandiko upya, kama nilivyopaswa siku ile:

Dumuzi mweusi, mabega mekundu. Ndoo ya pili kutoka dirishani. Karakana ya Baba yangu.

Aliyeandika: binti yake.